Nani Kyungu, Nani Kabange

Akina mama wa bombani, mumeniuliza vya kutosha. Kila nikitua ndoo, mmoja anataka kujua kulitokea nini huko Sanga, mwingine anauliza kwa nini nimerudi na mama mkwe na mbuzi, na wa tatu, ambaye simtaji lakini anajijua, anauliza kama ni kweli mama mzima anaweza kupotelewa na watoto aliowabeba mikononi mwake. Nimechoka kusimulia vipande-vipande huku maji yanamwagika. Masista walinifundisha kuandika miaka yote ile, acha leo kazi yao ifae kitu. Someni, asiyejua kusoma asomewe, halafu msiniulize tena.

Chanzo mnakijua, maana kuta za nyumba zetu za reli ni nyembamba. Mapasa wangu, hawa pacha, ni wavulana: Kyungu aliyetoka kwanza, na Kabange aliyemfuata. Kyungu alizaliwa mdogo kama panya, na anfirmiye, muuguzi wa dispanseri, akasema tumbo lake halitapokea uji, anyonye tu. Kabange akapewa uji, akaumeza kama mtu wa kubeba mataruma ya reli. Na maziwa yangu hayakutosha wote wawili.

Basi Ngoyi, mume wangu, ambaye kazi yake ni kugeuza reli pale gare, stesheni, ili kila treni ishike njia yake, akakaa mezani kuwaza. Ngoyi akiwaza anainua kidole. Maziwa ni ya mtoto mmoja. Watoto ni wawili. Mmoja anakula uji. Basi huyo aende kwa mama yake Ngoyi, Sanga, kwenye samaki na maziwa ya mbuzi, mpaka tumbo la mwenzake lipokee chakula.

"Njo lojiki," akasema, yaani ndiyo mantiki, akashusha kidole.

Mimi nikasema hapana. Akauliza sababu. Nikasema moyo wangu haupendi. Akasema moyo si sababu. Nilitafuta sababu nikifua, nikaitafuta nikipika majani ya sombe, sikuipata, maana maneno yake yalikuwa yamefungwa kama mabehewa, moja nyuma ya lingine. Hilo ndilo lililonitia hasira hata leo: hakukosea popote, na alikuwa amekosea.

Jambo moja la mwisho kabla sijapanda treni. Kyungu, kwa kunyonya tu, alikuwa amenenepa akamfikia mwenzake, na sasa walifanana kama maharagwe mawili. Ngoyi akamfunga Kabange uzi mwekundu mkononi, akauzungusha mara nyingi. Wazee wa cité, mtaa wetu, walinung'unika. Mnajua desturi yetu: ukimpa pasa mmoja kitu, mpe na mwenzake sawasawa, kwa sababu aliyenyimwa atakasirika na kurudi alikotoka. Ngoyi aliwajibu kwamba uzi si zawadi, ni alama, kama taa nyekundu ya reli. Watu wa reli wote walimwelewa. Dunia iliyobaki haikumwelewa, na hiyo njo habari yenyewe.

Kutoka Kamina mpaka Bukama: ndizi

Ngoyi hakupata ruhusa ya kazi, kwa hiyo nilikwenda peke yangu, mmoja mgongoni, mmoja kifuani, na sufuria ndogo ya uji wa Kabange ndani ya kapu. Pale kando ya treni akarudia kuniambia: mwenye uzi anabaki Sanga, asiye na uzi anarudi. Nilimwambia najua. Akasema ni vizuri kurudia. Treni ikaondoka nikiwa sijamuaga, na sikujuta.

Katika behewa letu kulikuwa na baba mmoja aliyevaa koti la mvua, na mvua hakuna. Alipoona mapasa akajua wajibu wake. Akapekua mifuko yote ya koti akatoa ndizi moja. Moja tu. Akaikata katikati kwa vidole akanyoosha mikono yote miwili, na mimi nikashukuru, nikijua nitaila mwenyewe.

Mama aliyekaa dirishani akasema kipande cha kushoto ni kikubwa.

Baba akatazama. Akakubali. Akakila kidogo kile cha kushoto. Sasa watu wa nyuma wakasema cha kulia njo kikubwa. Akakila cha kulia. Mseminari mmoja mwenye miwani akaomba vipande viwekwe juu ya kitabu chake ili vipimwe vizuri, vikawekwa, na treni ikayumba, kipande kimoja kikabonyea. Je, kipande kilichobonyea ni sawa na kizima? Behewa likagawanyika. Wengine walisema tuhesabu nyama ya ndizi, wengine walisema ni sura, mtoto anaona sura. Baba alikuwa anakula kidogo huku, kidogo kule, kwa haki kabisa, jasho linamtoka ndani ya koti, mpaka mikono yote miwili ikawa mitupu.

Akaionyesha kwa watu, viganja juu. "Sasa iko sawa," akasema.

Na behewa zima likakubali kwamba ilikuwa sawa. Kuna aliyempigia makofi. Watoto wangu walilala tangu ndizi ilipotoka mfukoni.

Tulisimama mahali pasipo na gare, katikati ya majani, muda mrefu, na hakuna aliyetuambia kwa nini. Baba wa koti akaniambia kwamba asubuhi moyo wake ulimkataza treni hii. Nikamuuliza kwa nini basi alipanda. Akasema akili ilimwambia hakuna nyingine. Tukatazama majani wote wawili.

Bukama: haki

Masua, ile meli ya kuteremka mto Lualaba, haikuwepo. Ilikuwa imekwama juu ya mchanga mahali fulani, na kila mtu pale gatini alijua ni mahali gani, na kila mtu alitaja mahali tofauti. Nikalala kwenye baraza la wauza samaki, kwa mama mmoja wa samaki wa moshi anayeitwa Mama Feza, mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alinipa bukari, ugali wetu, na samaki, akanipa nafasi karibu na moto, na aliita watoto wangu wakwe zake. Sijamchukia mtu yeyote upesi kama nilivyomchukia yeye baadaye, na sasa ni rafiki yangu.

Siku ya pili asubuhi nilikwenda kuuliza tena habari za masua. Mama Feza akasema niwaache watoto, atawaogesha. Niliporudi walikuwa wameoga, wamepakwa mafuta ya ngazi, yale ya mawese, wanang'aa, wamelazwa juu ya kitenge kimoja. Na kila mmoja alikuwa na uzi mwekundu mkononi.

Nikamuuliza uzi wa pili umetoka wapi.

Akaniambia kwa utulivu kabisa kwamba uzi haukuwa wa pili. Uzi ulikuwa mrefu, umezungushwa bure kwa mtoto mmoja, na mwenzake anaangalia mkono wake mtupu. Aliumia kuona. Kwa hiyo aliufungua, akaukata katikati kwa meno, akawafunga nusu-nusu. Alipima na kidole chake.

"Ulifungua uzi kabla ya kuoga ao nyuma ya kuoga?"

"Mbele."

"Na uliogesha nani kwanza?"

Akanitazama kama mimi njo mwenye wazimu. "Mama Mapasa, naweza kuogesha mumoja kwanza? Nilibaogesha wote babili pamoja, mu beseni moja."

Nikakaa chini. Mimi silii ovyo, mnanijua. Nilimweleza kila kitu: uji, maziwa, mmoja wa kubaki na mmoja wa kurudi, na kwamba nikimwacha Kyungu mahali pa Kabange watamjaza uji, na tumbo lake halitaupokea, na atakufa kwa sababu ya meno ya Mama Feza. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuogopa hata kidogo. Akacheka, akanipiga begani.

"Na weye njo mama yabo. Mama anajua. Angalia tu, moyo itakuambia."

Nikaangalia. Kuanzia saa ile mpaka mwisho wa safari niliangalia. Sikilizeni vizuri, kwa sababu jambo hili ndilo mnalonong'ona: moyo wangu haukusema kitu. Nilimwinua huyu, harufu ya maziwa na mafuta ya ngazi. Nilimwinua yule, harufu ile ile. Nilingoja ile sauti ambayo wanawake wote wanasema ipo ndani ya tumbo la mzazi. Nilisikia njaa yangu mwenyewe. Wauza samaki walikuja mmoja-mmoja kuniambia mama hawezi kukosa, na kila aliyesema hivyo nilitamani kumpa mtoto mmoja amtaje jina.

Basi nikaamua kufuata akili, maana Ngoyi angefanya hivyo. Kamina kwenye mizani ya dispanseri Kabange alimzidi mwenzake kidogo. Na pale gatini kulikuwa na mizani ya samaki. Nikabeba watoto mpaka kwa mpimaji, mzee mwenye kalamu sikioni, nikamwomba anipimie huyu, halafu yule.

Mzee akarudi nyuma. "Mapasa? Mumoja anapanda mizani, mwenzake anabaki chini anamwangalia? Minyi niko na batoto ku nyumba, mama. Hapana."

Nilimbembeleza. Nilimkaripia. Mwisho akapata njia, akafurahi nayo mwenyewe: akaleta kapu kubwa la samaki, akawaweka wote wawili ndani, akawatundika pamoja. Akasoma uzito kwa sauti, na watu wakashangilia uzito mzuri. Masista walinifundisha hesabu nyingi, hata zile za herufi. Hakuna hata moja inayofanya kazi kwa kapu moja.

Masua: watu wa akili na watu wa moyo

Masua ilifika imechoka, ikipakia chumvi na watu na majembe. Mama Feza naye akapanda, alikuwa na samaki wa kununua Kikondja, na tena alisema hawezi kuniacha katika hali ile. Nilimkumbusha ni nani aliyeniweka katika hali ile. Akasema ndiyo maana.

Ndani ya masua kila mtu alipata habari kabla hatujapita kona ya kwanza ya mto, na abiria wakawa vyama viwili. Chama cha akili kiliongozwa na karani mmoja wa duka, Donati, kijana wa kaptula zilizonyooshwa kwa pasi. Donati alisema mambo ya moyo ni ya wasiosoma, na kwamba mtoto anajua jina lake, kwa hiyo tumuite. Akapiga magoti mbele yao, akasafisha koo.

"Kyungu."

Wote wawili wakageuza kichwa.

"Kabange."

Wote wawili wakamtazama tena.

Donati akafikiri. Akasema lazima pawe na jina la kulinganisha, ndivyo wanavyofanya watu wa sayansi. Akasema, "Donati." Wote wawili wakacheka na kunyoosha mikono. Akasimama, akajipangusa magoti, akatangaza kwamba jaribio limeonyesha kuwa watoto ni werevu.

Chama cha moyo kilikuwa cha Mama Feza. Yeye aliniambia niwanyonyeshe, ziwa litajua. Niliwanyonyesha. Ziwa halikujua. Na jambo moja nililiona lakini sikuliwazia, nalitaja hapa ili mwone nilivyokuwa nimepofuka kwa hasira: maziwa yalikuwa yananitoka na kulowesha nguo, kitu ambacho hakijatokea tangu wazaliwe. Watoto walinyonya kidogo, wakalala. Nilidhani ni hasira inayosukuma maziwa. Na sufuria ya uji, niliyokuwa naijaza na kumpa Mama Feza aipashe moto uji usichache, ilirudi tupu kila mara. Nilikuwa nimemwambia asimpe mtoto yeyote uji mpaka tujue nani ni nani. Nikadhani anaula mwenyewe. Mwanamke mpana, nikasema moyoni, ana haki ya kula.

Donati na Mama Feza waligombana mpaka Kikondja. Donati alisema moyo ni nyama ya kusukuma damu. Mama Feza akamuuliza kama anatafuta mke kwa akili ao kwa moyo. Donati akasema kwa akili. Masua nzima ilicheka, na Mama Feza akamwambia kwa upole: "Njo maana uko peke yako, baba."

Ziwa Kisale: ruhusa ya kutukana

Kikondja niliagana nao. Mama Feza alinikabidhi sufuria iliyooshwa, akabusu watoto, mara moja huyu, mara moja yule. Nikapata mwenye mtumbwi wa kunivusha mpaka Sanga, mtu mwembamba wa maneno machache. Maneno yenyewe yalikuwa kwamba mapasa lazima walazwe katikati kabisa, kichwa kimoja huku na kimoja kule, kwa sababu mtumbwi huwa unainamia upande wa pasa mwenye hasira. Nikamwambia hawana hasira, mwenye hasira ni mimi. Akanihamisha mimi pia katikati.

Kisale mnasikia habari zake, lakini kuiona ni kitu kingine. Majani marefu yanajifunga pamoja yanakuwa nchi, na nchi hiyo inaelea, na watu wanajenga juu yake, wanapika, wanakausha samaki, na upepo ukibadilika nyumba inakwenda kusalimia jirani. Asubuhi ile upepo ulikuwa umeleta kisiwa kimoja kikaziba njia yetu. Mwenye mtumbwi akasema tungoje. Nikauliza mpaka lini. Akasema mpaka kiondoke.

Kwenye kisiwa kulikuwa na nyumba moja, mama mmoja na wifi zake wawili. Walipoona ninachobeba, wakashika viuno. Sasa, ninyi mliozaliwa kwenye reli pengine hamkufanyiwa hili: kwetu, mama wa mapasa hasalimiwi kwa heshima. Anatukanwa. Anaimbiwa matusi ya tumbo lake na ya baba wa watoto, na yeye lazima ajibu, ndivyo mapasa wanavyofurahi. Kamina Ngoyi alikataza, kwa sababu ya jirani na ya padri.

Yule mama akaanza, akipiga sufuria: "Weye mwenye tumbo kama gunia ya muhogo, nani alikutuma uzae kama mbuzi?"

Akina mama, kitu kilifunguka ndani yangu. Tangu Kamina nilikuwa nimesema ndiyo, nashukuru, najua. Sasa mtu ananiomba nitukane, na matusi ni sala. Nikasimama katikati ya mtumbwi.

"Minyi nilizaa babili bazima," nikamwimbia. "Weye mama yako alizaa nusu, nusu ingine inaelea huko nyuma, nenda uiokote."

Walipiga kelele za furaha. Wakanitukana miguu, nikawatukana nyumba yao isiyojua inalala wapi. Wakamtukana Ngoyi, na hapo niliwasaidia. Nilitukana kidole chake. Nilitukana lojiki, nikaimba mashairi mengi ya lojiki ambayo siwezi kuyaandika kwa sababu mwandiko huu nilifundishwa na masista. Nikatukana meno ya Mama Feza, mizani, koti la mvua. Mwenye mtumbwi aliweka kafi chini, akaanza kuitikia. Nilipomaliza sauti yangu ilikuwa imekauka, na wale wanawake walikuwa wanajifuta machozi ya kicheko. Wakanipa samaki wawili wa urefu mmoja, walioupima vizuri.

Upepo ukageuka. Kisiwa kikaondoka polepole na wenyewe juu yake, wakiendelea kunitukana mpaka nisiwasikie.

Sanga: mkeka mmoja

Mama yake Ngoyi, ambaye kwa watoto wangu ni Kambo, yaani bibi, alikuwa anangoja ufukoni. Ni mjane, anakaa peke yake, mwanawe wa pekee, Ngoyi, amemezwa na kazi ya reli. Nilipiga magoti kumsalimu. Alinichukua mpaka nyumbani, akanionyesha alichotayarisha: mbuzi wa maziwa, na karibu na kitanda chake mkeka mdogo aliousuka mwenyewe, wenye ukingo mweusi, upana wa mtoto mmoja. Aliupangusa kwa kiganja, ingawa haukuwa na vumbi.

Nikamwambia ukweli. Kwamba nimekuja kumpa Kabange, na sijui ni yupi.

Nilingoja aniambie mama anajua. Hakusema. Alisema yeye njo anajua, kwa sababu damu ya Ngoyi ilitoka kwake. Akainama juu yao, akafumba macho, akamchukua aliyekuwa kulia.

"Huyu njo wangu."

Sasa nitasema jinsi nilivyokuwa. Mikono yangu ilimfuata mtoto yule mpaka ilipoishia. Kama ni Kabange, nimefanya nilichotumwa. Kama ni Kyungu, nimemzika. Na katika saa ile moyo wangu ulisema, ndiyo, hatimaye ulisema, lakini haukutaja jina la mtu. Ulisema tu: mrudishe hapa. Ungesema vile vile kama angemchukua wa kushoto.

Nikashika akili kwa nguvu. Nikamwambia kwa heshima, "Mama, tujaribu kwanza na uji. Kabange anameza. Kyungu hajawahi, ataukataa." Kidogo tu, ncha ya kijiko, isimuumize yeyote. Ilikuwa lojiki safi, Ngoyi angeinua kidole.

Kambo akapika. Akampa yule wa kulia ncha ya kijiko. Mtoto akafungua mdomo kama ndege, akameza, akapiga kelele aongezewe.

"Nilikuambia," Kambo akasema.

Na yule wa kushoto, aliyekuwa mapajani mwangu, aliposikia kijiko kinagonga bakuli, akaanza kulia. Si kilio cha kunyonya. Alikuwa ananyoosha mkono kwenye bakuli. Kambo, ambaye hawezi kuona pasa mmoja anakula na mwenzake anatazama, akampa kijiko kabla sijasema neno. Akameza. Akafungua mdomo tena.

Walikula wote wawili, kijiko huku, kijiko kule, mpaka bakuli likaisha, na hakuna aliyetapika, hakuna aliyeshika tumbo. Walikula kama watu wanaoujua uji tangu zamani. Ndipo nikaikumbuka ile sufuria iliyokuwa inarudi tupu. Nikamwona Mama Feza, anaambiwa asimpe yeyote, na yeye anajua mmoja ana haki ya uji, basi na mwenzake anayo. Alikuwa amewalisha wote wawili sawasawa tangu Bukama, nyuma ya mgongo wangu, akipima kwa kijiko. Na yule anfirmiye aliposema tumbo la Kyungu halitapokea, hakuna aliyejaribu. Ngoyi alifunga mabehewa yake yote nyuma ya neno ambalo hakuna aliyelipima.

Nilimweleza Kambo nikicheka na kulia. Kama wote wanakula uji, maziwa yangu yanatosha. Hakuna wa kuacha.

Kambo hakucheka. Alikaa na mtoto wake wa kulia mapajani, akitazama ule mkeka. "Mwanangu njo alituma habari, akasema moja," akasema. "Nami nikasuka moja. Mukubwa muzima kama minyi, nikasukia mapasa mukeka moja." Kisha akainua macho. "Banagawanywa? Hapana. Acha wote babili, ao beba wote babili."

Na nikaelewa kwamba angenibembeleza niwaache wote, na kwamba alikuwa na haki, na nyumba ile ilikuwa kimya sana. Sikuwaza. Kama ningewaza ningekumbuka chumba chetu kimoja, na Ngoyi, na watu wa reli wanaohesabu vichwa ndani ya nyumba zao.

"Kuja na weye, mama," nikasema.

Kurudi: mbuzi

Kambo alikataa siku nzima kwa sababu ya mbuzi. Jioni akakubali, na mbuzi. Asubuhi akasema mbuzi mmoja kwa mapasa haiwezekani, akaenda kwa jirani kubadilisha nyavu za marehemu mume wake kwa mbuzi wa pili. Tuliondoka Sanga na yule mtu mwembamba, na kila kitu kilipangwa katikati ya mtumbwi, na mimi nilikaa ukingoni kwa sababu mwenye hasira sasa alikuwa mbuzi.

Bukama nilimkuta Mama Feza amekwisha kurudi kwenye samaki wake. Nilikuwa nimetayarisha maneno tangu Kikondja. Alipoona watoto wote wawili mgongoni na kifuani, akasema, "Unaona? Mama anajua." Nikanunua samaki.

Katika treni mbuzi walikataliwa, kisha wakakubaliwa kwa sababu Kambo alimwambia mtu wa tiketi ni wa mapasa. Mtu wa tiketi akampapasa mbuzi mmoja kichwani. Kambo akamngoja mpaka akampapasa na wa pili.

Ngoyi alikuwa pale gare, katika nguo za kazi. Aliona mama yake akishuka, akaona mbuzi, akaona watoto wawili na nyuzi mbili. Kidole kilipanda, kikasimama njiani. Nilimweleza kila kitu hapo hapo, kwa sauti ambayo baadhi yenu mliisikia. Alipomaliza kusikiliza akasema ni kama alivyowaza: ikiwa wote wanakula uji, basi hakuna sababu ya kugawanya, ni wazi. Nilihesabu mabehewa ili nisiseme kitu.

Kisha akawainamia wanawe. "Huyu njo Kabange," akasema bila kusita, akamwinua. Akamweka chini, akaenda kumshika mbuzi aliyekuwa anavuka reli, akarudi. "Kabange, kuja," akasema, na akamwinua yule mwingine.

Kambo alimwona. Akatikisa kichwa polepole.

"Njo lojiki," akasema.

Sasa lile la mwisho mnaloniuliza. Kesho yake Ngoyi alikuwa kazini, Kambo anakamua, nikakaa na watoto juu ya ule mkeka wenye ukingo mweusi, tuliotoka nao Sanga, unaowatosha wote wawili wakilala ubavu. Nikafungua nyuzi. Nikamtazama huyu, nikamtazama yule. Moyo kimya. Akili kimya. Nikamwinua aliyekuwa karibu na goti langu nikamwambia, weye ni Kyungu. Akanitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina lake, ao kama mtu mwenye njaa; kwa umri ule ni sura moja. Nikamfunga uzi wake mkononi.

Wa mwenzake nikaufunga mguuni.

Uzi kwa uzi, rangi moja, urefu mmoja, wazee wa cité hawana la kunung'unika. Ilikuwa inawezekana tangu siku ya kwanza, na katika wote waliowaza na wote waliosikia moyoni, tangu mezani kwangu mpaka Sanga, hakuna mtu aliyefikiri kwamba mtoto ana mguu. Basi mkikutana nami bombani na mkitaka kujua nani ni nani, msinitazame usoni. Tazameni chini.